Shajara ya mradi: magogo yanaondoka, mbao zinarudi

Wiki ya 1

Kazi imeanza rasmi Jumatatu. Mkoa unataka mpango wa uchumi wa miaka kumi, na kiini cha mpango huo ni kongani ya samani, yaani viwanda vya samani vilivyowekwa mahali pamoja, ambayo viongozi wameshaitajia idadi ya ajira itakazoleta. Idadi hiyo imo kwenye ripoti ya kampuni ya ushauri iliyotutangulia. Sisi tuko watatu. Tumepewa wiki kumi na mbili za kuihakiki hesabu hiyo na kueleza fedha za umma zianzie wapi.

Ripoti nimeisoma mara mbili. Lugha yake ni safi na ramani zake zinasomeka. Tatizo liko kwenye ukurasa wa hesabu: wamechukua kizidishi cha taifa zima wakakitumia kwa mkoa kama kilivyo. Kizidishi kinajibu swali rahisi, kwamba pesa ikiingia mahali itazunguka mara ngapi kabla ya kutoka. Nchi ina forodha mpakani na viwanda vya kila aina ndani yake, ndiyo maana pesa hukawia kutoka. Mkoa hauna forodha, na lori likivuka mpaka hakuna anayeandika.

Chukua mfano wa mia. Ikiwa 60 katika kila mia inayotumika inatumika tena ndani, kizidishi ni 1 gawanya kwa 0.4, yaani 2.5. Ikiwa ni 30 tu inayobaki, ni 1 gawanya kwa 0.7, ambayo ni takriban 1.43. Ajira elfu moja za kiwandani zinageuka 2,500 kwa hesabu ya kwanza na 1,430 kwa ya pili. Kati ya nambari hizo mbili kuna zaidi ya watu elfu moja ambao shule, maji na nyumba zitapangwa kwa ajili yao, na hawatakuwepo.

Ndiyo maana nimeongeza swali moja kwenye hadidu za rejea, na mkuu wa timu amekubali. Pamoja na kuuliza ni kiasi gani kinaingia, tuulize ni kiasi gani kinabaki.

Wiki ya 2

Data. Siku nne zimekwenda kwenye kosa ambalo lingetuaibisha mbele ya watu.

Tulikuwa na sensa mbili za biashara na tulitaka kutenganisha mabadiliko ya ajira katika mafungu matatu, njia aliyoieleza Edgar Dunn mwaka 1960. Fungu la kwanza linatokana na kukua kwa nchi nzima, la pili na aina ya sekta ambazo mkoa umejaliwa kuwa nazo, la tatu na mkoa wenyewe kufanya vizuri au vibaya kuliko wenzake katika sekta zile zile. Hili la tatu ndilo wanasiasa hulishika, kwa sababu linasomeka kama cheti cha kufaulu au kufeli.

Fungu la tatu la viwanda likatoka hasi, na hasi kubwa. Mwenzangu akaanza kuandika aya kuhusu kuporomoka kwa viwanda. Nikamwomba asubiri, kwa sababu nilipofungua sekta ndogo ndogo niliona uchapishaji wa magazeti na vitabu umetoweka kabisa. Hakuna mkoa ambao wachapishaji wake wote hufunga ndani ya miaka michache. Jibu lilikuwa kwenye msimbo. Sensa ya kwanza ilitumia toleo la zamani la ISIC, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha shughuli za uchumi kwa namba, ya pili ikatumia toleo la 4 la mwaka 2008. Toleo la zamani liliwaweka wachapishaji ndani ya viwanda. Toleo la 4 limewahamishia kwenye habari na mawasiliano, na urejelezaji wa taka nao umetolewa viwandani ukawekwa pamoja na maji na usafi. Watu wapo kazini vile vile. Kilichohama ni jina la kapu lao.

Tumerudia hesabu yote kwa kulinganisha msimbo na msimbo. Hasi bado ipo, ila ni ndogo sana. Ile aya tumeifuta. Kwa yeyote anayeanza kazi hii: kabla ya kueleza kwa nini sekta imekufa, hakikisha haijabadilishiwa namba.

Wiki ya 3

Wiki ya meza na lahajedwali. Jedwali la manunuzi kati ya sekta na sekta tunalo la taifa tu, kama ilivyo kwa mikoa mingi duniani. Wassily Leontief alichapisha majedwali ya aina hii kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kwa uchumi wa Marekani, na kazi hiyo ikampa Nobeli mwaka 1973. Kulijenga upya kwa mkoa mmoja kwa kuuliza kila biashara kunahitaji fedha na muda ambao hatuna. Kwa hiyo tunalipunguza la taifa.

Njia iliyozoeleka ni kutumia mgawo wa eneo. Unachukua fungu la sekta katika ajira za mkoa, unaligawanya kwa fungu la sekta hiyo hiyo katika ajira za nchi. Tuseme useremala ni asilimia 6 ya ajira za mkoa na asilimia 4 ya ajira za nchi, mgawo ni 1.5. Ukizidi 1 unachukulia kwamba mkoa unajitosheleza na ziada unauza nje. Ukipungua, unachukulia kwamba pengo linazibwa kutoka nje.

Kwa mkoa mdogo njia hii hukuza kizidishi kupita kiasi. Flegg na wenzake walitoa sahihisho mwaka 1995 linalozingatia ukubwa wa eneo. Nimelijaribu kwa mkono ili nilielewe kabla ya kuiachia kompyuta. Mkoa wenye asilimia 5 ya ajira za nchi, ukitumia kipeo cha 0.3 ambacho watafiti wengi huanzia nacho, hupata kiwango cha takriban 0.45. Maana yake migawo ya manunuzi ya ndani inashushwa chini ya nusu. Sahihisho hilo peke yake linaifuta sehemu kubwa ya ajira zilizomo kwenye ile ripoti.

Nimefurahi, halafu nikashtuka, kwa sababu kipeo cha 0.3 nacho nimekichagua tu. Hakuna aliyekipima hapa. Nikipunguza nambari ya watu kwa kutumia nambari nyingine isiyo na mizizi, nimewasaidia nini? Nimemwambia mkuu wa timu kwamba lazima tutoke tukaone daftari za watu. Amekubali wiki mbili.

Wiki ya 4

Dodoso limekuwa fupi, maswali 11. Tumefuata njia iliyotengenezwa na New Economics Foundation ya London ya kufuatilia pesa kwa mizunguko mitatu. Unaanza na mapato ya biashara, unauliza ni kiasi gani kati yake kililipwa ndani ya eneo, kisha unawafuata waliolipwa na kuwauliza swali lile lile. Mia ikiingia, 60 ikabaki, kisha 30 ikabaki tena, unajumlisha 190 na kugawa kwa mia: 1.9.

Ugomvi mdogo ulihusu maana ya "ndani". Mpaka wa utawala unapita katikati ya mji ambao watu wake huvuka kila asubuhi kwenda kazini. Stan Openshaw alionyesha mwaka 1984 jinsi matokeo yanavyogeuka ukibadilisha tu mistari ya ramani juu ya data ile ile. Tumeamua kukokotoa mara mbili, kwa mpaka wa utawala na kwa eneo ambamo watu husafiri kwenda kazini, na kuchapisha majibu yote mawili.

Wiki ya 5

Hii ndiyo wiki nitakayoikumbuka.

Karakana ya tatu tuliyoitembelea ni ya mama mmoja mwenye mafundi saba. Nje kulikuwa na makabati mawili yakisubiri vanishi, ndani vumbi la msasa limetanda juu ya kila kitu isipokuwa daftari lake, ambalo hulifunika kwa kitambaa. Nilimweleza tunachotafuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Wewe mwanangu unataka kujua hela yangu inakwenda wapi. Hata mimi nataka. Kaa."

Tukaanza na vitu vidogo. Skrubu, gundi na bawaba vyote hutoka nje ya mkoa, kama nilivyotarajia. Mishahara inabaki. Kodi ya jengo inabaki. Nikafika kwenye mbao, fungu kubwa kuliko yote, na nilikuwa tayari nimeandika "ndani" kwa penseli. Mkoa huu una misitu ya kupandwa, mgawo wa eneo wa misitu uko juu sana ya 1, na karakana za samani nazo ziko juu. Jedwali langu lilizifunga sekta hizo mbili kwa kamba nene.

Akageuza daftari likanielekea, akaweka kidole kwenye mstari wa mbao. Jina la muuzaji lilikuwa la mkoa wa jirani. Ukurasa uliofuata vile vile. Nikamuuliza kwa nini, wakati magogo tunayapita barabarani yakishushwa mlimani.

"Hayo magogo ndiyo hizi mbao," akasema. "Yanakwenda yakiwa mabichi, yanachanwa na kukaushwa kule, ninanunua yakirudi."

Akachukua kipande cha ubao kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakishika usawa wa jicho ili nione kilivyojikunja kama upinde. Ubao ule ulichanwa humu humu ukaanikwa juani. Mlango uliotengenezwa kwa shehena ile ulirudishwa na mteja baada ya miezi mitatu, umepasuka kwenye maungio. Tangu hapo hanunui mbao ambazo hazijapita kwenye tanuru la kukaushia. Samani za ndani kwa kawaida huhitaji mbao zenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12, na jua la uani halikufikishi hapo kwa uhakika.

Nilifuta neno "ndani". Kwenye fani yetu jambo hili tunalifahamu: eneo kuuza na kununua bidhaa ya aina moja kwa wakati mmoja. Mgawo wa eneo hauwezi kuliona, kwa sababu kwake sekta inajitosheleza au haijitoshelezi, basi. Tobias Kronenberg alipendekeza mwaka 2009 namna ya kulirekebisha jedwali kwa ajili ya kasoro hiyo, na niliisoma njia yake zamani, nikaielewa kama hesabu. Pale karakanani niliiona kama barabara yenye malori mawili yanayopishana, moja limebeba gogo, la pili limebeba ubao uliotoka kwenye gogo kama lile, na tofauti ya bei kati yao ni mishahara ya watu wa mahali pengine.

Karakana kumi na moja tulizozifikia baada ya hapo zilisema jambo lile lile, isipokuwa mbili zinazotengeneza vitanda vya bei nafuu kwa mbao mbichi.

Wiki ya 6

Ofisini. Mabishano mazuri na mwenzangu, ambaye anaamini mkoa hukua kwa kuuza nje tu. Yuko upande wa mchumi Douglass North, aliyeandika hoja hiyo mwaka 1955. Mimi nilimkumbusha kwamba Charles Tiebout alimjibu mwaka uliofuata, akasema mauzo ya nje si chanzo pekee cha kukua, na kwamba kadiri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo shughuli za ndani zinavyozidi kuwa na uzito. Tukaishia kukubaliana juu ya mbao: kuacha kununua nje kile unachoweza kukifanya vizuri ndani kunaongeza kipato sawa na kuuza zaidi, na huchukua muda mfupi. Neno "vizuri" tulilipigia mstari. Kulazimisha watu wanunue mbao zilizopinda kwa sababu ni za nyumbani ni kuwaibia.

Wiki ya 8

Mkutano wa kati na viongozi. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja, nalo lilikuja dakika ya kumi.

"Ndugu mchumi, niwaambie wananchi ajira zimepungua?"

Nikamjibu, "Mheshimiwa, hazijapungua. Zilikuwa bado hazijakuwepo. Tumeziondoa kwenye karatasi kabla mtu hajaacha kazi yake kwa kuzitegemea."

Ukumbi ulinyamaza, nikaendelea na mfano wa kusini mwa Italia kwa sababu ndio unaofanana zaidi na pendekezo lililoko mezani. Mwaka 1950 serikali ya Italia iliunda mfuko maalumu wa kuiinua kusini, Cassa per il Mezzogiorno. Barabara, maji na umwagiliaji vilijengwa. Baadaye ukafuata msukumo wa viwanda vikubwa, cha chuma pale Taranto kikiwa miongoni mwa vinavyojulikana sana, kwa wazo lililokuwa limeenea enzi hizo la mchumi Mfaransa François Perroux kwamba kiwanda kikubwa huvuta vingine vikazunguka. Vingi havikuvuta. Vilinunua mbali na kuuza mbali, na Waitaliani wakaviita makanisa makuu jangwani. Hoja yangu haikuwa kwamba viwanda vikubwa ni vibaya. Nilitaka waone kwamba uzio na geti havileti majirani wa kuuziana, na kongani bila kuuziana ni kiwanja chenye kuta.

Wakauliza kuhusu msamaha wa kodi kwa mwekezaji. Nikawapa makadirio ya Timothy Bartik ya mwaka 2018 kwa Marekani: kati ya kampuni zilizopewa vivutio, ni asilimia 2 hadi 25 tu ambazo uamuzi wao uligeuzwa na vivutio hivyo. Zilizobaki zingekwenda pale pale. Hesabu ile ni ya Marekani na mazingira hutofautiana, ila swali linabaki kila mahali: kati ya tunachojivunia, ni kipi kingetokea hata tusingelipa chochote?

Mheshimiwa aliandika. Mwishoni akaniuliza kama lile tanuru la mbao ni ghali. Nimelala vizuri siku hiyo.

Wiki ya 9 na 10

Hesabu ya tanuru la kukaushia mbao humu mkoani, la karakana kutumia kwa pamoja. Hii ni sehemu ngumu, na nataka iwe ngumu, maana wazo nimelipenda na ninajiogopa ninapopenda wazo.

Tanuru linakula gharama hata likiwa tupu. Hakuna karakana moja inayoweza kulijaza, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini hakuna aliyelinunua kwa miaka yote. Zikiwa nyingi jirani zinaweza. Alfred Marshall aliliona mwaka 1890 alipoeleza faida ambazo biashara za aina moja hupata zikikaa pamoja: mafundi wenye ujuzi hupatikana, maarifa huenea, na wauzaji wa huduma maalumu hupata wateja wa kutosha kuendesha mashine ghali ambayo mmoja peke yake asingeimudu. Tumekusanya mahitaji ya mbao kavu ya karakana zote tulizohoji, mwezi kwa mwezi, na si wastani wa mwaka, kwa sababu miezi ya oda chache ndiyo itakayoua mradi. Miezi miwili haijazi. Ni lazima wauza mbao za ujenzi nao waingie, la sivyo tusijenge.

Swali la pili ni la haki. Kazi ya kukausha ikihamia huku, kuna mtu mkoa wa jirani ataipoteza. Kwa mkoa wetu ni ajira mpya, kwa nchi ni ajira iliyohama. Mwenzangu alishauri tuiache, kwani aliyetuajiri ni mkoa. Sikukubali. Tumeweka safu mbili, moja ya mkoa na moja ya nchi. Kwenye safu ya nchi tumebakiza vile tu ambavyo ni faida halisi: safari za malori zitakazopungua, mbao zinazoharibika njiani, na oda za samani ambazo karakana hukataa kwa kukosa mbao kavu kwa wakati. Safu ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Bado inalipa, ingawa kwa nafasi ndogo.

Wiki ya 12

Ripoti imekabidhiwa Ijumaa. Kizidishi cha samani tumekiandika kama masafa yenye kiwango cha chini na cha juu, na tumeeleza kila kimoja kimetokana na nini. Kiko chini sana ya kile cha kampuni iliyotangulia. Kongani haijakataliwa, imesogezwa nyuma: kwanza ukaushaji wa mbao na upimaji wa ubora, kisha mafunzo ya maungio na umaliziaji, halafu ndipo kiwanja. Suala la mpaka liko kwenye kiambatisho, majibu yote mawili.

Jana nilirudi kwa yule mama kumpelekea nakala ya kurasa zinazohusu karakana, kama nilivyomwahidi. Nilibeba pia kipima unyevu, kile kidogo chenye sindano mbili, tulichokinunua kwa ajili ya utafiti. Akaita fundi wake mkubwa, tukaenda kwenye shehena iliyoshushwa asubuhi kutoka kwa jirani, ikiwa imelipiwa kama mbao kavu.

Ubao wa kwanza ulisoma 11. Wa pili 12. Wa tatu ukasoma 19. Fundi akasogeza sindano mahali pengine kwenye ubao ule ule: 19 tena. Mama akachukua chaki, akauchora alama, akasema tupime zote. Tulipima mpaka jioni. Kipima unyevu nimemwachia kwa miezi miwili, na kwenye lahajedwali nimefungua safu mpya, "unyevu siku ya kupokea".